Baiskeli Isiyo na Kitambaa Chekundu

Mnyororo mpya ulikuwa bado unaning'inia msumarini, pale pale alipoutundika jana jioni. Mama Mnyororo aliuona alipofungua dirisha la karakana. Akapiga mwayo, akajiambia ngoja ninywe chai kwanza. Kisha akageuka kuitazama baiskeli ya binti yake iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akakuta ukuta mtupu. Mwayo ulimkatikia njiani.

Jina hilo la Mama Mnyororo alipewa na wateja, naye hakulikataa. Yeye na mumewe walitengeneza baiskeli katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na kazi walikuwa wamegawana kama watu waliogombana wee mpaka wakachoka: mume magurudumu, breki na gia, mke mnyororo, pedeli na usukani. Hakuna aliyemwingilia mwenzake. Mume alikuwa akiitwa Taratibu, maana mtu huyo hata akiungua kidole huanza kwa kutafuta mahali pa kukaa.

Kwa kuwa kila baiskeli ilipita kwenye mikono ya watu wawili, walikuwa na utaratibu wao. Baiskeli ya mteja ikiingia tu, inafungwa kitambaa chekundu kwenye siti, na hakifunguliwi mpaka wa mwisho kuishika aseme imekwisha. Yenye kitambaa haipandwi. Isiyo na kitambaa ni nzima, panda uende. Binti yao alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini baiskeli za nyumbani hawakuzifunga kitambaa. Cha nini? Si wote wanajua? Ndiyo maana wahenga wakasema mganga hajigangi, na mafundi baiskeli nao wangetiwa humo humo kama wahenga wangewafahamu.

Sasa, baiskeli ya binti ilikuwa na duara moja tu la meno mbele, penye pedeli. Baiskeli ya namna hiyo, wepesi wote wa kupanda mlima lazima utoke nyuma. Na binti, ambaye ni mwalimu, alikuwa amehamishiwa shule iliyo juu ya mlima wa machimbo ya mawe, akaanza kupanda huko kila siku na mwanawe amefungwa kwenye kiti cha nyuma. Mtoto huyo babu na bibi walimwita Bosi, kwa sababu anaendeshwa, halafu analalamika. Gia nyepesi ya zamani haikutosha. Mwalimu alikuwa anafika darasani hana hata sauti ya kuwaamkia watoto.

Kwa hiyo jana Taratibu alivua seti yote ya gia za nyuma akafunga nyingine pana zaidi, ambayo duara lake kubwa lilikuwa kubwa kweli kweli, wote watatu wakaliita sahani. Akafunga na kikono kirefu, kile kinachoning'inia chini ya gia na kuuhamisha mnyororo. Lakini sahani inataka mnyororo mrefu, na hilo halina mjadala. Mama Mnyororo alikata mpya kwa kipimo chake, akautundika, akanawa mikono, na hapo hapo akaingia muuza mikate na baiskeli yake ya mizigo, breki ya nyuma imekatika, maneno hayaishi mdomoni. Mpaka wanamtoa mlangoni, baiskeli kaiacha, jua lilikuwa limezama. Wakasema basi, kesho asubuhi, na binti hakuwapo kusikia. Taratibu aliurudisha mnyororo wa zamani kwenye meno madogo, aone tu kikono kinavyokaa, akaiegemeza baiskeli ukutani. Ya nyumbani. Haina kitambaa.

Mtu asiyejua baiskeli atauliza, kwani kuna nini? Kwenye meno madogo baiskeli ile ingekwenda vizuri, hata ungeisifu. Hatari ilikuwa kwenye sahani. Ukiupandisha mnyororo mfupi pale juu, ni kama shuka fupi kitandani, ukivuta huku kule kunabaki wazi. Mnyororo unakivuta kikono mpaka kinapinda, kikono kinaingia kwenye spoku, gurudumu linakwama papo hapo. Na sahani ile mtu haitumii kwenye tambarare. Anaitumia mlimani, malori ya mawe yakishuka ubavuni mwake, mtoto yuko nyuma.

Mama Mnyororo aliyajua yote hayo bila kuyafikiri.

"Mzee!" aliita. "Mzee, baiskeli ya mwalimu iko wapi?"

Taratibu alikuwa uani ananyoa ndevu, shavu moja safi, jingine limejaa povu. "Ameondoka nayo. Kafurahi huyo! Nimemsikia anamwambia Bosi leo watafika juu kabla kengele haijalia."

"Na mnyororo?"

"Mnyororo umefanyaje?"

"Mnyororo uko msumarini, baba mtu!"

Taratibu aliacha wembe ukiwa hewani. Uso wake ulibadilika polepole, kama kawaida yake, na mkewe alitamani kumtikisa ubadilike haraka. "Nilidhani umeamka alfajiri ukaufunga," alisema. "Nilimwona anaitoa, nikajua umeshaufunga. Nikampungia mkono."

"Ulimpungia mkono."

"Nilimpungia, ndiyo."

Hawakugombana. Muda wa kugombana haukuwapo. Mama Mnyororo alipiga simu, ikaita, ikaita, ikakata. Mwalimu akiwa barabarani simu hukaa chini kabisa ya mkoba, juu yake madaftari ya darasa zima, na Bosi hapo nyuma anaimba. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata. Kila mlio akili ilimwonyesha simu hiyo ikilia kwenye mkoba uliotupwa barabarani, na hakuna wa kuipokea.

"Natafuta pikipiki," Taratibu alisema, na akakimbia. Katika ndoa yao yote mkewe hakuwahi kumwona anakimbia. Jambo hilo lilimtisha kuliko simu.

Kungoja asingeweza. Aligeukia karakana: baiskeli zilijaa, na zote zina kitambaa chekundu. Moja haina gurudumu la mbele. Nyingine haina pedeli. Ya tatu ni mifupa tu. Iliyobaki na magurudumu mawili ilikuwa ya muuza mikate, nzito kama kitanda, breki ya nyuma haijaungwa. Yenye kitambaa haipandwi, sheria ameiweka mwenyewe. Mama Mnyororo alikivuta kitambaa, akakitupa, akapanda.

Mwanamke huyu hakuwa kijana. Goti moja lilikuwa na habari zake, na alikuwa amevaa kanga na kandambili. Alipita kwenye kichochoro watu wakimkwepa, kuku wakimkwepa, jirani mmoja akamwita, "Mama Mnyororo, leo umekuwa muuza mikate?" Mama Mnyororo alikanyaga tu. Alikuwa anahesabu njia. Binti yake haendi mbio akiwa na mtoto. Husimama kusalimia kila mtu, na Bosi lazima asimamishwe pale kwa fundi seremala amwone paka. Kisha barabara kubwa, tambarare, kando ya ukuta mrefu wa kiwanda. Kisha daraja dogo. Mlima unaanzia pale pale darajani. Na mwalimu ana tabia moja ambayo mama yake mwenyewe alimfundisha: hangoji mlima umfike ndipo ahangaike na gia. Anaiweka nyepesi mapema, akiwa bado na mwendo.

Mimi ndiye niliyemfundisha, alijisemea. Mimi huyu huyu.

Kwa seremala paka alikuwa amelala peke yake. "Wamepita?" aliuliza bila kushuka.

"Sasa hivi tu! Bosi kanitukana, kasema paka wangu mvivu." Seremala alicheka, kisha akauona uso wa mama yule, kicheko kikaisha. "Kuna nini, mama?"

Alikuwa ameshapita. Sasa hivi tu. Neno hilo lilimpa nguvu na kumtia hofu kwa pamoja. Kila alipovuta pumzi aliomba, na maombi yake hayakuwa na adabu wala mpangilio: asiibadilishe, asiibadilishe, jamani asiibadilishe. Kwenye ukuta wa kiwanda lori la mawe lilimpita likielekea mjini. Upepo wake ukaiyumbisha baiskeli ya mikate, tairi likatoka kwenye lami na kurudi. Akashika breki kwa mazoea, mkono wa breki ya nyuma ukabonyea bila kitu. Akakumbuka kwamba imekatika. Akacheka peke yake, kicheko kibaya, kisha akaendelea kukanyaga.

Hakuwaona kando ya ukuta wa kiwanda. Akafika mwisho wa ukuta, barabara ikapinda, na hapo akawaona.

Walikuwa ng'ambo ya daraja, mwanzo kabisa wa mlima. Na binti yake alikuwa ameshuka. Amesimama kando ya barabara, mikono kwenye usukani, anaisukuma baiskeli taratibu, Bosi ametulia kitini na kofia yake ngumu imekaa upande. Anasukuma! Mama Mnyororo nusura alie kwa furaha. Machozi yalimjaa kweli, barabara ikawa ukungu. Mwanangu ana akili, alisema kwa sauti, mwanangu ana akili, asante, asante.

Alinyanyua mkono mmoja akapunga. Akapaza sauti. Kutoka juu lori lilikuwa linashuka na mawe, injini ikinguruma, na sauti yake yeye hata mwenyewe hakuisikia. Akapunga tena, kwa nguvu, mkono wote, kama mtu anayefukuza ndege shambani.

Binti aligeuka. Akamwona mama yake, kwenye baiskeli ya mikate, kanga inapepea, anapunga mkono.

Hapa inabidi niseme jambo. Jana, wakati sahani inafungwa, Mama Mnyororo alimtania bintiye: siku ya kwanza utakayopanda mlima na gia hii nitakuja kutazama kwa macho yangu, nione kama utafika au utanitia aibu. Walicheka sana. Ulikuwa utani wa jikoni, wa kusemwa na kusahauliwa. Lakini mtu anayepungiwa mkono na mama yake chini ya mlima atawaza nini kingine?

Mwalimu alitabasamu. Mama yake aliliona tabasamu hilo kutoka kule ng'ambo. Akapunga naye, akamwambia Bosi kitu, akapitisha mguu, akapanda baiskeli.

"Usi—" Mama Mnyororo alipiga kelele. "Shuka! Mwanangu, shuka!"

Lori lilikuwa limefika karibu na daraja. Kelele yake ilimeza kila kitu. Binti alikanyaga mara chache, mgongo umenyooka, anajionyesha, na mama yake aliona kidole gumba cha kulia kikisukuma kitufe cha gia. Labda hakukiona, ilikuwa mbali. Lakini mpaka leo anaapa alikiona, kikisukuma mara moja, mara mbili, na tena. Baiskeli ilipanda. Kwa kitambo kidogo ilipanda vizuri kabisa, na moyo wa mama ukamdanganya kwamba labda alikosea kipimo.

Kisha gurudumu la nyuma likasimama.

Halikupunguza mwendo, lilisimama. Kiti cha mtoto kilirushwa mbele, baiskeli ikayumba upande wa barabarani, upande wa lori. Mwalimu alitupa mguu chini, mguu ukateleza kwenye changarawe, wakaanguka. Dereva wa lori alipiga honi na kukanyaga breki kwa wakati mmoja, matairi yakalia, mawe yakagongana nyuma, na lori zima likapita kati ya Mama Mnyororo na watoto wake, likawafunika wasionekane.

Alikuwa darajani. Hakukumbuka alivyoshuka. Baiskeli ya mikate iliendelea peke yake, ikagonga kingo za daraja. Yeye alikimbia na kandambili moja, kando ya lori refu lisilokwisha, tairi baada ya tairi, na kwenye kila tairi alitazama chini, hataki kutazama, anatazama.

Nyuma ya lori aliwaona. Mwalimu alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja umezunguka kiti cha mtoto. Alama za matairi zilikuwa zimepita karibu na kichwa chake, umbali wa mkono tu. Bosi alikuwa ananing'inia kwenye mikanda, kofia imemfunika macho. Hakuwa analia.

Hakuwa analia. Mama Mnyororo alipiga magoti mbele yake, akashindwa kumgusa. Mikono iliyofunga na kufungua minyororo miaka yote hiyo ilikataa kwenda. Aliogopa kuinua ile kofia. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa tangu azaliwe, akawaza kwamba kama hatainyanyua basi bado hakuna kilichotokea.

"Bibi," kofia ikasema. "Baiskeli imelala."

Halafu mtoto akaangua kilio, kilio kikubwa cha hasira, na bibi yake akadhani hajapata kusikia kitu kizuri namna ile.

Dereva wa lori alishuka akitukana, akafika, akaona. Alikaa kwenye ngazi ya gari lake akashika kichwa. Watu wawili waliokuwa wakienda machimboni walisaidia kufungua mikanda na kuiondoa baiskeli barabarani. Kikono kipya kilikuwa kimezama kwenye spoku, kimejikunja kama ndoana. Mwalimu alikaa kwenye majani kando ya barabara, Bosi kifuani, goti linavuja damu, kiwiko kimechunika. Alimpapasa mtoto kichwa, shingo, vidole, akarudia tena kichwa. Kisha akamtazama mama yake, macho yakamjaa.

"Ulikuwa unanikataza," alisema. "Kumbe ulikuwa unanikataza. Nikadhani umekuja kunitazama. Mama, ulijuaje?" Akawageukia wale watu wa machimbo, sauti inamtetemeka. "Mama yangu huyu. Kaja mbio kutoka nyumbani kwa ajili yangu, tazameni, hana hata kiatu."

Wale watu wakatikisa vichwa. Mmoja akasema mama ni mama bwana, hakuna kama mama. Dereva naye akaitikia kutoka kwenye ngazi.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Sifa zilikuwa zimeshatolewa, goti linavuja damu, mtoto analia, nani angeuliza? Na uwongo wenyewe hakuusema yeye. Mama Mnyororo aliliona jambo hilo lilivyo, akaliogopa pia.

"Sikuja kukuokoa," alisema. "Mnyororo sikuufunga. Uko msumarini mpaka sasa. Baba yako alidhani nimefunga, mimi nilidhani itangoja, na baiskeli tuliiacha bila kitambaa kwa sababu ni yako. Na ulikuwa unasukuma. Nilikuona. Ulikuwa umeshuka, unasukuma, uko salama na mtoto. Umepanda kwa sababu ya mkono wangu."

Watu wa machimbo wakaona mambo ya nyumbani yameanza, wakaenda kumsaidia dereva kukusanya mawe yaliyomwagika.

"Niliogopa malori," binti alisema. "Nikasema leo nisukume, kesho nitajaribu bila mtoto."

"Najua."

"Halafu nikakuona wewe."

"Najua, mwanangu."

Pikipiki ilifika, Taratibu akashuka kabla haijasimama, povu limekauka shavuni. Alimtazama binti, akamtazama mtoto, akatazama gurudumu, akaelewa yote bila kuambiwa. Safari hii hakutafuta mahali pa kukaa. Alivua shati akalichana, akaanza kumfunga binti yake goti.

Bosi kwa wakati huo alikuwa amechoka kulia. Alimwona bibi yake amesimama na mguu mmoja mtupu, akanyoosha mikono kwake, kama anavyofanya kila siku jioni akirudi na mama yake kutoka shuleni. "Bibi, nibebe."

Mama Mnyororo alisogea. Na binti yake, ambaye tangu amzae mtoto huyu amekuwa akimtupia mama yake kama mzigo wa nguo, hakumwachia. Alimshikilia. Halikuwa jambo la muda mrefu, na pengine hata mwenyewe hakujua kama amefanya. Lakini mama aliliona, na hofu yote ya njiani, ya lori na ya ile kofia, ikawa si kitu mbele ya hilo.

"Mikono yako imetulia?" mwalimu aliuliza.

Alitaka kusema imetulia. Aliinyanyua mbele ya macho yake, akaitazama. Vidole vilikuwa vinacheza.

"Haijatulia," alisema.

Binti alivuta pumzi ndefu. "Basi kaa chini kwanza, mama."

Alikaa, pale pale kwenye majani na vumbi, akanyoosha miguu yake, wenye kiatu na usio na kiatu. Mwalimu alijisogeza kwa goti zima, akamteremsha mtoto taratibu mpaka akakaa sawasawa mapajani kwa bibi yake. Bosi akajilaza, akaanza kusimulia habari za paka mvivu. Mikono ya bibi ikamzunguka. Lakini ncha ya shati la mtoto ilikuwa bado imo kwenye ngumi ya mama yake, na hakuiachia.